Mashine ya Barafu Haili Gesi

Kulikuwa bado na giza katika mwalo wa Nyamukazi, mjini Bukoba, na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma kwa ubaridi ule ambao wageni kutoka Dar es Salaam hawausadiki mpaka wafike wenyewe. Boti iliyokuwa iende visiwani kuchukua samaki ilikwisha jazwa mafuta. Masanduku yake makubwa yalikuwa wazi, yakingoja barafu. Lakini kibanda cha barafu, kisichokuwa mbali na ufuo, kilikuwa na nusu tu ya mzigo uliotazamiwa. Mashine ilikuwa imenguruma usiku kucha, uniti za umeme zimekwenda, na pipa la barafu halikufika hata katikati.

"Gesi imekwisha tena," alisema mama mwenye mashine. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha sema maneno hayo mara nyingi. Kisha akampigia fundi.

Fundi huyo, mzee wa makamo mkaazi wa Kashai, alifika na mfuko wa turubai begani. Akaufungua chini ya taa: burashi laini, kopo la sabuni ya unga, tochi, kipima joto, kipimio cha umeme na geji zenye mipira yake miwili, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu. Mama akautazama mfuko ule mara mbili.

"Na chupa ya gesi iko wapi, fundi?"

"Sikuileta, mama. Mgonjwa hachomwi sindano kabla hajapimwa."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama pembeni, kwa kuwa nami nilikuwa na neno langu la zamani kuhusu gesi kwisha. Nitalieleza baadaye. Kwanza yafaa msomaji aliye mbali na ziwa aelewe kwa nini nusu pipa la barafu liliweza kumnyima mtu usingizi.

Wilaya ya Muleba si migomba na kahawa peke yake. Sehemu yake kubwa ni maji, na ndani ya maji hayo mna visiwa vyenye watu, kama Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba, ambako maisha yote hutegemea nyavu na ndoana. Dagaa wana bahati yao: huanikwa juani, wakakauka, wakasafiri katika magunia bila kudai baridi. Sangara hana bahati hiyo. Samaki huyo, aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 na kuenea mno katika miaka ya 1980, ana mwili mkubwa na nyama nene. Akiachwa katika joto la kawaida huanza kuharibika kwa saa chache tu. Mvuvi aliyemvua usiku hana njia ya kumngojea mnunuzi, na mnunuzi asiye na barafu hana haja ya kwenda kisiwani. Ndiyo maana boti huondoka na barafu ndipo zirudi na samaki. Barafu ikipungua kwa nusu, samaki watakaopokewa nao hupungua, na yule mvuvi wa mwisho katika foleni huuza kwa bei ya kutupa au humbanika samaki wake kwa moshi.

Kwa hesabu ya karatasini, kilo moja ya samaki aliyetoka katika maji ya nyuzi joto 25 hutaka kama robo kilo ya barafu ili ashuke mpaka karibu na sifuri. Ziwani hesabu hiyo haitoshi kamwe. Jua linapiga, kifuniko kinafunguliwa na kufungwa, safari ni ndefu, na samaki wanaendelea kuongezwa. Wenye uzoefu hubeba kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Hata huko ng'ambo wanakokula minofu ya sangara wetu, mambo ya usafi na ubaridi hayachezewi. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipofunga milango yake kwa samaki wa Ziwa Viktoria, kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na wavuvi wasio waaminifu, waliolala njaa walikuwa ni pamoja na familia za mialoni ambazo hazikuwahi kuigusa sumu hiyo.

DAMU ISIYOKWISHA

Watu wengi hudhani kuwa mashine ya barafu hutengeneza baridi. Sivyo. Mashine huchukua joto mahali pamoja na kulitupa mahali pengine, kama mtu achotaye maji ndani ya mtumbwi na kuyamwaga ziwani. Kazi hiyo hufanywa na gesi izungukayo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza gesi mpaka ikawa moto. Kisha hupita katika kondensa, yaani yale mabomba yenye mapezi membamba yanayopulizwa na feni, ikatoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kutoka hapo hupenya katika vali yenye tundu dogo sana, shinikizo lake likaanguka ghafula, nayo ikachemka. Msomaji asishangae neno hilo. Gesi iitwayo R-22 huchemka penye nyuzi 40 chini ya sifuri, na amonia ya viwanda vikubwa huchemka penye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa kanieneo ya hewa ya pwani. Kila kinachochemka hutaka joto, na joto hilo gesi hulinyang'anya maji yanayotiririka juu ya bamba la kugandishia. Maji huganda. Gesi hurudi kwa kompresa, safari ikaanza upya.

Njia hii si mpya. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliipatia hataza mwaka 1834. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mfanyabiashara mwingine wa Kimarekani, Frederic Tudor, alikuwa angali akipakia merikebuni barafu iliyokatwa katika maziwa ya karibu na Boston na kuipeleka mpaka Calcutta, imefunikwa kwa unga wa mbao. Sehemu ya mzigo iliyeyuka njiani, na bado alipata faida.

Kugandisha ni kazi nzito kuliko kupoza. Ukiwa na kilo moja ya maji yaliyokwisha poa mpaka sifuri, joto unalopaswa kuyanyang'anya ili yawe barafu ya sifuri lingeweza kuyachemsha maji hayo hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Ndiyo sababu tani moja tu ya barafu ya magogo katika nchi za joto hula takribani uniti 50 hadi 90 za umeme, na kila kizuizi kidogo katika mashine huonekana haraka katika pipa na katika bili.

Tazama basi: katika safari yote hiyo, gesi imeliwa wapi? Haikuliwa popote. Gesi si mafuta ya taa yanayoungua katika kandili. Ni kama damu mwilini. Mtu hatembei mpaka damu ikamwishia. Damu ikipungua, kuna jeraha. Mashine iliyojazwa gesi kwa kipimo kiwandani, ikiwa mabomba yake ni mazima, yaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi bila kuongezwa hata kijiko kimoja. Mwenye mashine anayeambiwa kila baada ya miezi miwili kwamba gesi imekwisha, anaambiwa moja kati ya mambo mawili: ama kuna tundu ambalo halijatafutwa, ama gesi haikupungua kabisa na ugonjwa ni mwingine.

Hapa ndipo neno langu la zamani. Nyumbani kwetu Muleba tulikuwa na friji kubwa la kugandishia, ambalo mke wangu alilitumia kuuza barafu za mifuko na maji ya matunda. Katika mwaka mmoja fundi wa jirani aliliongeza gesi mara tatu. Kila mara barafu ilirudi, tukafurahi, tukalipa. Baada ya wiki saba au nane ikawa laini tena kama uji. Siku moja mjomba wangu, ambaye hakuwa fundi wa majokofu bali wa baiskeli, aliuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi: "Mpira wa baiskeli ukiwa unaishiwa upepo kila wiki, unanunua pampu au unatafuta mwiba?" Tulimwita mtu mwingine. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, akakaa kimya, akatazama. Nyuma kabisa, mahali bomba jembamba lilipogusana na fremu na kusuguana nayo kwa mtikisiko wa kila siku, povu lilianza kuvimba vijipovu vidogo kama macho ya dagaa. Alikata, akaunga kwa kuchomelea, akaweka kipande cha mpira kati ya bomba na chuma. Friji lile lilifanya kazi mpaka tulipoliuza. Fedha za gesi mara tatu zingetosha kumlipia mtoto mmoja sare, viatu na madaftari ya mwaka. Yule fundi wa kwanza sikumgombeza sana. Alifanya kama alivyofundishwa, na sisi hatukumuuliza kitu.

MGONJWA ANASIKILIZWA

Turudi Nyamukazi. Fundi hakufunga geji zake mara moja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaisikiliza mashine kwa muda wa mzunguko mzima. Mashine za aina ile hugandisha kwa dakika 15 hadi 25, kisha vali hufunguka, gesi ya moto ikapita nyuma ya bamba kwa dakika moja au mbili, barafu ikaachia na kuanguka kwa kishindo. Yeye alikuwa akihesabu dakika. Zilifika 38 ndipo barafu ikaanguka. Aliokota kipande, akakishika mbele ya tochi. Kilikuwa chembamba, na katikati kina shimo.

"Barafu ni barua," aliniambia. "Ukijua kuisoma, nusu ya kazi imekwisha."

Akanisomea. Barafu nyembamba upande mmoja wa bamba na nene upande mwingine huelekeza kwenye gesi pungufu au vali ya kupenyezea iliyoziba, kwa sababu gesi chache huchemka yote mwanzoni na kuuacha mwisho wa bamba bila baridi. Barafu nyeupe yenye ukungu ina habari ya maji machafu au maji yanayotiririka kidogo mno. Barafu iliyo sawasawa bamba zima lakini nyembamba na yenye kuchelewa, kama ile aliyoishika, humtaka fundi atazame kwanza joto linatokaje na maji yanaingiaje. Gesi hufuata nyuma kabisa.

Akaenda kwenye kondensa. Juu yake palitundikwa taa, iliyowekwa hapo ili mlinzi aone vizuri. Msomaji anayeishi kando ya ziwa anajua kinachofuata. Usiku mbu wa ziwani hutoka majini kama wingu la moshi, na msimu wa senene ukifika, kila taa ya Bukoba hugeuka mtego. Wadudu wote waliovutwa na taa ile walinyonywa na feni mpaka kwenye mapezi ya kondensa, wakakauka, vumbi likawafunika, na juu yake mafuta kidogo ya jikoni ya jirani anayekaanga samaki. Ukiligusa lilikuwa kama blanketi. Mashine iliyovishwa blanketi haiwezi kutupa joto.

Sasa ndipo geji zilipofungwa. Upande wa juu ulionyesha paundi 330 kwa inchi ya mraba, ilhali kwa gesi ile ya R-404A na ubaridi wa alfajiri ile palipaswa kuwa 250 au chini yake. "Mtu akiongeza gesi hapa," fundi alisema, "anamwekea gunia jingine mgongoni mtu aliyekwisha kushindwa kupumua." Akazima umeme mkuu, si swichi ya mashine peke yake, akaanza kupiga burashi kufuata mlalo wa mapezi, taratibu, kwa kuwa mapezi hayo hupinda kwa kidole. Kisha maji yenye sabuni, kutoka ndani kwenda nje. Uchafu uliotoka ulijaza karai.

Wakati umeme umezimwa, alininyooshea kidole kwenye birika la maji ndani ya mashine. "Sikiliza." Palikuwa na sauti ndogo ya maji kutiririka. Mashine imezimwa, vali ya kuingizia maji haina umeme, na bado maji yanaingia. Hicho ndicho kipimo, na ni rahisi kiasi ambacho mama mwenyewe angeweza kukifanya: ukizima umeme na maji yakaacha, tatizo liko katika saketi inayoiamuru vali, yakiendelea kuingia, vali yenyewe imekabwa na kitu. Aliifungua. Ndani ya kikombe chake mlikuwa na punje ya mchanga isiyozidi ya chumvi. Kwa punje ile, maji mapya ya nyuzi 23 yalikuwa yakimiminika usiku kucha juu ya maji yaliyokwisha poa, nayo mashine ikawa kama mtu anayepepea chungu kilicho juu ya moto.

Maji ya Ziwa Viktoria ni laini; hayaachi mawe ya chokaa mengi kama maji ya visima vya Dodoma. Fundi aliyejifunza kazi sehemu za maji magumu hufika hapa na asidi yake akatafuta chokaa ambayo haipo. Adui wa hapa ni matope laini, mchanga na ule utelezi wa kijani unaoota katika mabomba na mabirika. Chujio la maji linalobadilishwa kwa wakati huokoa vali nyingi kuliko fundi yeyote.

GEJI NA MWINUKO WA BUKOBA

Fundi alikuja na kijana anayejifunza kazi, naye alikuwa na malalamiko yake. Wiki iliyopita walikuwa wameunga bomba la mashine nyingine, na baada ya kuunga ni lazima kunyonya hewa yote na unyevu kwa pampu kabla ya kutia gesi. Kitabu kinasema geji ishuke mpaka inchi 30 za ombwe. Kijana alinyonya tangu saa nne mpaka saa nane, sindano ikakwama kwenye 26. Alikuwa ameamua kuwa pampu imekufa.

Mzee alicheka. Bukoba iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Inchi 30 ni za Dar es Salaam na Tanga. Hapa, hata ukinyonya mpaka kusibaki kitu, sindano haitavuka 26 na nukta, kwa sababu hakuna hewa ya kutosha nje ya kuisukuma zaidi. Pampu ilikuwa nzima. Kwa hiyo anayetaka uhakika atumie kipimio maalumu cha ombwe, kisichotegemea hewa ya nje, na baada ya kuzima pampu angoje dakika kumi au kumi na tano aone kama ombwe linashikilia. Nimeitaja habari hii kwa urefu kwa sababu vitabu vyetu vingi vya ufundi huandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari.

Jambo jingine la hapa ni umeme. Kwa miaka mingi Bukoba ilitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Uganda, na hata sasa kila mwenye mashine anajua maana ya taa kufifia jioni. Kompresa ya volti 230 huvumilia kupungua kwa sehemu moja ya kumi, yaani mpaka kama 207. Chini ya hapo hunguruma bila kuzunguka, waya zake zikapata moto, na siku moja huungua. Kibaya zaidi ni umeme kukatika na kurudi papo hapo. Kompresa iliyosimama katikati ya kazi ina shinikizo kubwa upande mmoja. Ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo halijasawazika, ni sawa na kumwamsha mbeba mizigo huku gunia liko kifuani. Dakika tano za kungoja zatosha. Kuna kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme na kulinda volti, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Tena wanaonunua mashine kuukuu kutoka Marekani wasome kibati cha nyuma kabla ya kulipa: yenye volti 115 na mizunguko 60 haikutengenezwa kwa umeme wetu wa volti 230 na mizunguko 50, na transfoma hurekebisha volti tu, haigusi mizunguko.

Kuhusu majina ya gesi, nitasema kwa ufupi. R-12 ya zamani, iliyohusika katika kuharibu tabaka la ozoni, iliondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na kwa nchi kama yetu mwisho wake ulikuwa 2010. R-22 nayo inapunguzwa hatua kwa hatua hadi 2030. Zilizochukua nafasi, kama R-404A, haziigusi ozoni lakini huongeza joto la dunia, ndiyo sababu mapatano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza nazo. Kwa mwenye mashine maana yake ni moja: gesi itazidi kuwa ghali, na anayeimwaga hewani anamwaga fedha. Gesi hizi hazichanganywi. Kibati kikisema R-404A, kutia R-22 kwa sababu ndiyo iliyoko dukani ni kuua kompresa polepole.

MAMBO YANAYOUA

Yako mambo ambayo hayangoji polepole. La kwanza nimeambiwa na kila fundi mwenye akili niliyepata kuzungumza naye: usijaribu tundu kwa kujaza oksijeni. Mchomeleaji ana chupa mbili, na siku akikosa nitrojeni hushawishika kutumia ile ya oksijeni kupima viungo. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hakuna onyo la moshi wala harufu. Nitrojeni kavu, yenye rigyuleta, ndiyo ya kazi hiyo.

La pili ni chumba kilichofungwa. Gesi nyingi za majokofu ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hujaa kuanzia chini, zikafukuza hewa ya kupumua, na mtu aliyeinama huishiwa nguvu kabla hajatambua. Zikipita katika moto wa jiko au wa kuchomelea hugeuka moshi wenye sumu. Friji nyingi mpya za majumbani hutumia R-600a, ambayo ni ndugu wa gesi ya kupikia na huwaka. Kibati chake huwa na alama ya moto. Asikubali mtu fundi achomelee bomba la friji hiyo jikoni kwako kabla gesi haijatolewa nje na madirisha hayajafunguliwa.

La tatu lawahusu wanaokaa jirani na viwanda vikubwa vya barafu na samaki, ambako amonia hutumika. Amonia ina hisani moja: hunuka vikali kabla haijaua. Ukisikia harufu hiyo ikizidi, wachukue watoto na uondoke kwa kukatiza upepo, si kwa kukimbia uliko upepo unakoelekea. Funika pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa maji. Macho yakiwasha, yaoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 nzima, ndipo upelekwe hospitali.

Na la nne, ambalo akina mama wengi wameniuliza. Barafu haiui vijidudu vya kipindupindu, huvilaza tu. Maji yasiyochemshwa yakigandishwa na kutiwa katika glasi ya mtoto ni maji yasiyochemshwa. Barafu iliyotoka katika sanduku la samaki, hata ikioshwa ikang'aa, isiingie kwenye kinywaji. Birika la mashine linataka kusafishwa na kuuawa vijidudu kwa dawa ya klorini iliyopimwa, kisha kusuuzwa, na barafu ya mzunguko wa kwanza baada ya hapo hutupwa. Koleo la kuchotea litundikwe nje ya pipa. Nimeona mahali pengi limezikwa ndani ya barafu pamoja na mpini ulioshikwa na mikono ya watu kumi.

Jua lilikuwa limepanda juu ya Kisiwa cha Musira wakati fundi alipowasha mashine tena. Taa alikuwa ameihamishia mlangoni, mbali na kondensa. Tulikaa juu ya ndoo zetu tukangoja. Sindano nyekundu ilipanda, ikatulia kwenye 245. Ndani, maji yalikuwa yakitembea juu ya bamba bila kupokea maji mapya, na baada ya dakika chache ukungu mweupe wa kwanza ukaonekana kwenye chuma. Dakika ya 19 barafu ikaanguka, bamba zima kwa pamoja, na mama mwenye mashine, aliyekuwa akijifanya kuhesabu fedha, akageuka.

Boti ilikuwa imekwisha ondoka na nusu mzigo wake. Safari ile haikuweza kuokolewa. "Kesho itabeba kamili," fundi alisema. Mama akamuuliza bei. Akaitaja, nayo ilikuwa ndogo kuliko bei ya chupa ya gesi, na mama akamtazama kwa shaka, kama mtu aliyezoea kulipa zaidi.

Kabla ya kuondoka, fundi alichukua kadi ya boksi la sabuni, akaikata kwa wembe, akaandika kwa kalamu ya wino na kuibandika ndani ya mlango wa mashine. Nilisoma: tarehe, shinikizo la juu, shinikizo la chini, volti, dakika za mzunguko, kondensa imesafishwa, vali ya maji imesafishwa. Mstari wa mwisho aliupigia msitari chini mara mbili: Gesi iliyoongezwa, hakuna.